Hongera kwa Kupona, Fundi Godoro

Siku niliyoanguka sakafuni sina pumzi, simu yangu ilikuwa inanipongeza kwa kupona.

Sitanii.

Nimelala kifudifudi katikati ya magodoro kumi na mawili ya watoto, kifua kimefunga, na pale mezani mwanaume mwenye sauti tamu anasema, "Hongera sana dada yetu Fundi Godoro! Wewe ni ushahidi unaotembea."

Fundi Godoro ni mimi. Na saa hiyo hata kutambaa nilikuwa siwezi.

Mbaya zaidi, mtu wa kunisaidia alikuwa ameshafika. Alikuwa nje, amekaa kwenye benchi langu, anasubiri kwa adabu nimalizane na mgeni wangu.

Mgeni! Jamani, nyumba yangu ilikuwa na miezi minane haijaona mgeni.

Ngoja nianze mwanzo, msije mkanichoka hapa hapa.

Nina miaka hamsini na nane. Nashona magodoro ya pamba, ya kuagiza. Chumba cha mbele ni cha kazi, cha nyuma ni cha kulala, katikati pana pazia. Mume wangu alifariki zamani. Binti yangu yuko mbali, anafanya kazi ya zamu, ananipigia Jumapili.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu."

"Kifua?"

"Kinaendelea."

"Haya Mama, naingia kazini."

Basi, hiyo ndiyo Jumapili yangu.

Kazi yenyewe iko hivi. Mtu analeta godoro kuukuu. Unalifumua, unamwaga pamba iliyoshikana mabonge, unaipiga kwa fimbo mbili mpaka ichambuke. Halafu unaijaza kwenye kitambaa kipya na kufunga ukingo kwa shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia.

Vumbi lake hulioni mpaka jua liingie dirishani. Nilikuwa nalitazama linavyoelea, naona ni zuri. Kitambaa cha puani nilifunga miaka miwili ya mwanzo, joto likanishinda, nikakiacha. Miaka ishirini na saba nimepiga pamba pua wazi.

Kikohozi kilipokuja, kwanza kilinitoa usingizini, halafu kilinitolea watu.

Mshona nguo wa mlango wa pili alikuwa kila siku analeta kiti chake kwangu, tunashona tunapiga soga. Siku moja nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Kesho yake kiti chake kilikuwa upande wa pili wa ujia. Alihamisha kiti tu, na mimi nikajifanya sijaona.

Kliniki wakanipima kwa kunipulizisha kwenye mrija. Daktari wa kifua akaniambia, "Mama, njia zako za hewa zimebana. Kilichoharibika hakirudi. Lakini kilichobaki tunaweza kukilinda."

Akanipa pampu mbili. Moja ya kuvuta kila siku asubuhi na jioni, nyingine ya kuniokoa kifua kikifunga. Akanieleza vizuri, ila nyuma yangu ilikuwepo foleni mpaka getini. Nilipofungua mdomo niulize swali la pili, mgonjwa mwingine alikuwa ameshaingia.

Nikarudi nyumbani na pampu zangu na maswali yangu.

Simu kubwa alinitumia binti yangu. Siku moja nikaandika tu: kukosa pumzi. Ndipo akatokea yeye.

Alijiita Daktari Pumzi. Koti jeupe, vipimo shingoni, nyuma yake rafu ya vitabu, mezani chupa ya unga wa kijani. Akatabasamu, akaniangalia machoni, akasema, "Habari za asubuhi, ndugu yangu. Umeamkaje? Kifua kinasemaje leo?"

Nikamjibu.

"Kimebana kidogo, daktari."

Chekeni tu. Nilikuwa namjibu kila asubuhi, na nilikuwa nanyamaza akiongea ili nisimkate kauli. Hakuna mwingine aliyekuwa ananiuliza nimeamkaje.

Video ya kwanza alifundisha kupumua. Vuta hewa kwa pua polepole, halafu itoe kwa mdomo umeubana kama mtu anayepoza chai, taratibu, usiharakishe. Nikajaribu. Kweli kifua kikaachia kidogo.

Nawaambia jambo hili mapema: zoezi lile lilikuwa sahihi kabisa. Baadaye hospitalini nilifundishwa lile lile. Na kwa sababu lilikuwa sahihi, nikaamini yote yaliyolifuata.

Sasa, sisi wa kazi hii tuna namna yetu ya kujipima. Mimi nahesabu mishono. Shazia linaingia, linatoka, unakaza uzi: mmoja. Zamani nilikuwa napiga mishono kumi na miwili kwa pumzi moja. Ugonjwa ukanishusha mpaka minne.

Wiki ya pili ya video, nikapata kazi ya shule ya chekechea. Mwalimu wao alitaka vigodoro kumi na viwili vya watoto kulalia mchana. Nikaanza kushona, nikahesabu.

Tisa!

Nikarudia. Tisa tena. Nusura nicheze peke yangu mle ndani.

Nikamwandikia Daktari Pumzi komenti. Ya kweli: "Asante daktari. Nimefuata zoezi la kupumua, nimepata nafuu kidogo. Pampu zangu bado natumia."

Mwisho wa kila video alikuwa anasoma komenti za watu kwa majina. Nikasubiri siku tatu. Sikusomwa. Akasomwa mwingine aliyeandika, "Nimepona kabisa, dawa nimetupa," na akapigiwa makofi.

Nikaona wivu. Mwanamke mzima, nimekula chumvi yangu yote hii, naona wivu wa makofi ya kwenye simu.

Nikaandika upya, na safari hii nikatia chumvi.

"Mimi ni fundi godoro. Vumbi la pamba limenikaa kifuani karibu miaka thelathini. Nimefuata mafundisho yako, pampu nimetupa. Leo napiga mishono tisa kwa pumzi moja. Mungu akuzidishie."

Wakati naandika hayo, pampu ya kila siku ilikuwa mfukoni mwa aproni. Nilikuwa nimeivuta asubuhi ile ile.

Kesho yake akanisoma.

"Fundi Godoro! Dada yetu! Hebu mpigieni makofi!"

Mwili wote ulinisisimka. Mara ya mwisho kutajwa mbele za watu ilikuwa kwenye mazishi ya mume wangu, na hapo nilitajwa kama mjane. Leo natajwa kama mshindi.

Chini ya maneno yangu watu wakaanza kumiminika. Hongera dada. Ulitumia siku ngapi? Mimi pia kifua, nisaidie. Nikawajibu wote, mmoja mmoja, pamba imerundikana mbele yangu haijaguswa. Nilikuwa na watu, jamani. Naamka asubuhi kuna wanaonisubiri.

Chupa ya kijani sikuiagiza hata siku moja. Nilichokuwa nafuata pale siyo dawa.

Katika watu wale kulikuwa na mmoja aliyejiita Mama Alfajiri. Huyu alikuwa ananiandikia kila siku. "Umeamkaje Fundi?" "Leo umeshona mangapi?" Lakini alikuwa na swali moja asiloliacha.

"Fundi, kweli hutumii pampu hata kidogo?"

Nikampa majibu ya kuzunguka. Baada ya siku mbili akarudi. Nikazunguka tena. Mara ya tatu akaandika: "Usinidanganye, dada'ngu. Mimi ni mgonjwa kweli, na daktari wa kliniki amenikataza kuacha. Nataka kusikia kwako."

Nilikaa na ile simu mkononi muda mrefu. Ningeweza kumwambia. Ilikuwa sentensi moja tu.

Lakini Daktari Pumzi alikuwa ametoka kunisoma mara ya tano.

Nikamjibu: "Kweli tupu, dada'ngu. Tupa."

Akaweka alama ya moyo.

Baada ya hapo sikuwa na raha, hata kumjibu nikaacha. Kila nikivuta pampu najiona mwizi. Na Daktari Pumzi naye akatoa video inayosema pampu zinayafanya mapafu kuwa mavivu, yanadeka, hayataki kufanya kazi yenyewe. Nikajiambia, mbona mishono ni tisa? Labda nimepona kweli na woga tu ndio umenibakia. Nikaona njia nyepesi ya kuacha kuwa mwongo ni kuufanya uongo uwe kweli.

Mtu mwingine angetupa pampu jalalani. Mimi ni fundi godoro. Nikafumua pembe ya godoro langu mwenyewe, nikazichomeka zote mbili katikati ya pamba, nikashona kwa uzi wa mara mbili. Mishono ya karibu karibu, mizuri kweli, ile ninayomwekea mteja msumbufu.

Siku ya kwanza, sawa. Siku ya tatu, nalala nimekaa. Siku ya sita mwalimu alikuwa anakuja kuchukua vigodoro, nikasema acha nivipige vumbi kidogo vipendeze.

Simu nilikuwa nimeiweka mezani irudie rudie video ile ya mara ya kwanza kutajwa. Niliipenda inichangamshe nikiwa kazini.

Nikapiga kigodoro cha nne. Kifua kikashika.

Nikapumua kama mtu anayepoza chai. Hakuna. Kilichokuwa kinaingia ni kama kinapita kwenye tundu la sindano. Nikapenya pazia, nikafika kitandani, nikaushika ule mshono na kuuvuta.

Haukukatika.

Nikauvuta kwa meno. Wapi! Nilikuwa nimeshona vizuri mno. Napapasa kwa juu, nazisikia pampu zangu mle ndani, ngumu, ziko hapo hapo chini ya vidole, na sizifikii.

Mkasi! Mkasi ulikuwa chumba cha mbele, chini ya vigodoro. Nikarudi kwa magoti. Hapo ndipo nilipoanguka.

"Hongera sana dada yetu Fundi Godoro!"

Mwalimu wa chekechea alifika muda huo. Kama alivyonisimulia baadaye, alitaka kubisha hodi, akasikia mwanaume anaongea, ananipongeza. Akaona si vizuri kukatiza. Akakaa kwenye benchi dakika kumi hivi na dereva wa gari la mizigo.

"Mara ya pili kusikia maneno yale nikashtuka kidogo," alisema. "Mara ya tatu nikajua. Mimi nakaa na watoto, Mama. Hata mtoto akirudia hadithi, haisemi vile vile mara tatu."

Akasukuma mlango.

Walinibeba mpaka garini wakanilaza juu ya vile vigodoro. Nilikwenda hospitali nimelalia kazi yangu mwenyewe.

Nilipopata fahamu sawasawa nilikuwa na kinyago puani na muuguzi pembeni anaandika.

"Mama, pampu zako ziko wapi?"

"Kwenye godoro, Sista."

"Zimeangukia chini ya godoro?"

"Hapana. Ndani. Nimezishonea."

Kalamu ikasimama. Akaniangalia, akavuta kiti.

Nikamwambia yote kwa kunong'ona. Sikuwa nimemwambia mtu.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Pampu haiyafanyi mapafu kuwa mavivu, Mama. Inafungua njia hewa ipite. Sisi tukiona mgonjwa ameacha ghafla, ndiyo tunampokea hivi ulivyokuja."

Kitanda cha kushoto alikuwepo mama mmoja wa makamo yangu, ana mrija wa oksijeni. Kazi yake kufagia barabara, miaka thelathini na moja. Alikuwa anaongea kwa vipande vifupi vifupi, akiishiwa hewa ananyoosha kidole juu.

"Ngoja... umeme umekatika."

Tunasubiri, anavuta hewa, anaendelea pale pale alipoachia. Nilicheka siku ya kwanza mpaka Sista akatukataza.

"Wewe unafanya kazi gani?" akaniuliza.

"Nashona."

Akadhani nguo. Sikumsahihisha. Hata sijui kwa nini, mdomo uliogopa wenyewe.

"Nani anakuja kukuona?"

"Binti yangu yuko mbali."

"Basi wa kwangu ni wako pia."

Na haikuwa maneno tu. Binti yake ni msusi. Alikuja jioni, akamsuka mama yake, kisha akavuta stuli kitandani kwangu. "Mama mdogo, inua kichwa." Akanisuka. Vidole vya mtu kichwani kwangu! Nilifumba macho asione ninavyolia.

Siku nne zile nilikuwa na ndugu. Tunapeana zamu ya kupumua kwa mdomo wa kupoza chai, tunashindana nani atatoa hewa polepole zaidi, tunasengenya supu ya hospitali. Nikaanza kupanga kichwani jinsi nitakavyomtembelea tukitoka.

Siku ya tano Sista akaja kutufundisha upya kutumia pampu. Akamuuliza jirani yangu, "Na wewe Mama, ilikuwaje ukaacha? Kadi yako inaonyesha ulikuwa mgonjwa mzuri, hujawahi kukosa kliniki."

"Simu," akasema.

"Daktari wa kwenye video?"

"Aa, yule... sikumwamini. Nimefagia barabara miaka yote hii, namjua... mtu mwenye chupa ya kuuza." Akanyoosha kidole, akavuta hewa. "Niliyemwamini ni mgonjwa mwenzangu. Mwanamke kama mimi, ana vumbi kifuani kama mimi. Nilimuuliza mara tatu. Nikamwambia usinidanganye. Akaniambia kweli tupu... tupa."

"Fundi godoro," akamalizia. "Sijui yuko wapi leo. Nimemwandikia siku kumi hajibu. Nina wasiwasi naye."

Sista aliinua macho, akaniangalia. Alijua. Nilikuwa nimemwambia mwenyewe habari za godoro. Aliacha liwe langu.

Ningeweza kunyamaza, na nasema hapa bila kujipamba kwamba nilifikiria kunyamaza. Kusukwa kule, vicheko vile, nilijua vinaondoka vyote kwa pamoja.

"Dada'ngu," nikasema. "Mama Alfajiri ni wewe?"

Akageuza kichwa taratibu. "Jina hilo umelijuaje?"

"Mimi ndiye Fundi Godoro."

Kwanza akatabasamu! Alifurahi, jamani. Alinyoosha mkono kuja kwangu. Halafu akaona kinyago changu, akaona dripu, mkono ukabaki hewani.

"Lakini ulikuwa umepona."

"Sikupona."

"Ulikuwa umetupa pampu."

"Ilikuwa mfukoni mwa aproni."

"Siku ile unaniandikia?"

"Siku ile ile."

Hakupiga kelele. Hata angetaka, hakuwa na hewa ya kupigia kelele, na hewa hiyo mimi nilihusika kuipunguza.

"Kwa nini?" akauliza.

"Nilitaka mtu aniite jina."

Akanyoosha kidole juu. Tukasubiri. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Mimi nilikuwa nakuita," akasema. "Kila siku nilikuwa nakuandikia umeamkaje."

Akageukia ukutani.

Siku mbili zilizobaki hatukuongea. Binti yake alikuja, akamsuka mama yake, akaondoka. Mimi nilikuwa nasikia tu oksijeni inavyopuliza. Alitoka siku moja kabla yangu, na alitoka na mtungi. Sista aliniambia hatafagia tena. Kutoka mlangoni mwake mpaka barabarani hawezi bila kupumzika mara mbili.

Nilipofika nyumbani nilikata ule mshono kwa mkasi, nikatoa pampu zangu. Halafu nikakaa sakafuni na kigodoro kimoja cha watoto ambacho mwalimu alikiacha kwa sababu kilichanika.

Nikakibonyeza. Unene wa vidole viwili.

Ndipo nikaelewa ile tisa. Godoro la mtu mzima shazia unalisukuma kwa nguvu za bega zima. Kigodoro cha mtoto linapita lenyewe. Kilichopungua ni unene wa godoro, ugonjwa ulikuwa pale pale. Miaka ishirini na tisa kazini, na nikajipima kwa kipimo kibovu kiasi hicho!

Kuna jingine linaloniuma zaidi. Kwenye kazi yetu wapo mafundi wajanja. Wanajaza matambara na makapi katikati, halafu pale pembeni, mdomoni mwa godoro, pale mteja atakapochungulia, wanaweka pamba safi nyeupe. Mteja anavuta kidogo, anaona nyeupe, anaridhika. Mchezo huo naujua kuliko mtu yeyote, sijawahi kuucheza, na fundi wa hivyo namtambua hata kwa harufu.

Daktari Pumzi aliniwekea zoezi la kupumua mdomoni. Nikaona nyeupe, nikaridhika. Na mimi, fundi mzima, nikajiweka pamba ya juu kwenye godoro lake.

Nikaingia kufuta maneno yangu. Nikafuta yote sita. Halafu nikaandika ukweli: sikupona, nililazwa, rudini kliniki. Ukakaa kama dakika ishirini, ukatoweka. Nikaandika tena, nikakuta nimefungiwa.

Siku chache baadaye nikafungua kwa simu ya mwalimu. Ushuhuda wangu upo. Wameutengenezea video yake, wamempa mwanamke mwingine ausome, sauti changa, safi, haina hata chembe ya kikohozi. "Mimi ni fundi godoro," anasema. Chini yake watu wengi wameandika: "Na mimi naacha leo."

Na mimi nilikuwa sina pa kuwajibu.

Nikafanya ninachokijua. Nikashona godoro. Pamba mpya yote, nimeipiga nje, uani, nimefunga pua kwa kitambaa kinene. Upande wa kichwa nimeuinua kama mteremko, maana sisi hatuwezi kulala bapa. Ilinichukua wiki tatu, kazi ya siku mbili. Dereva wa vigodoro akampelekea Mama Alfajiri. Sikuandika barua.

Zikapita siku nne. Jana binti yake akanipigia.

"Mama mdogo, godoro limefika."

Bado ananiita mama mdogo.

"Mama amelifumua," akasema.

"Amelifumua?"

"Pembe zote nne. Akaingiza mkono mpaka begani, akatoa pamba ya katikati kabisa, akaipeleka dirishani akaikagua. Nilimwambia Mama, jamani, zawadi! Hakunisikiliza."

"Halafu?"

"Halafu akalishona mwenyewe. Mishono mibaya, Mama mdogo, ungeiona ungelia. Akalala. Amelala usingizi mzuri tangu mchana mpaka jioni, hajaamka kukohoa."

"Amesema lolote kuhusu mimi?"

"Amesema nikuulize, kule kwa watu wa simu umeshaandika ukweli?"

Nikamwambia wamenifungia.

Nikasikia anamweleza mama yake, nikasikia mtungi unapuliza, halafu ile sauti ya vipande vifupi: "Mwambie... aandike kwingine."

Ndiyo maana niko hapa.

Sisemi msitazame video. Mle ndani nilijifunza kupumua vizuri. Ila usiishie kuangalia pamba ya mdomoni. Fumua. Yule ni daktari wa wapi, anauza nini, na hao wanaosema wamepona, kuna aliyewapima? Ukimaliza, chukua ulichosikia ukapeleke kwa anayekutibu, hata kama foleni iko mpaka getini. Swali la pili uliulize ukiwa umesimama mlangoni, akufukuze yeye.

Na kama una mama, shangazi, au jirani mwenye kifua, mpigie leo umuulize ameamkaje. Usipomuuliza wewe, kuna mwenye chupa mezani atamuuliza.

Kama ulikuwa mmoja wa walioandika "na mimi naacha leo", tafadhali, pampu yako iko wapi? Itafute. Rudi kliniki.

Mimi ndiye Fundi Godoro. Sijapona. Asubuhi hii nimepiga mishono mitatu kwa pumzi moja, kwenye godoro la mtu mzima, na pampu iko mfukoni.